Mzigo wa Mtwara kwenda Mafia: hesabu maji kwanza, lami baadaye

Mtu akiniuliza namna ya kupeleka mzigo Mafia kwa gari, kwa kawaida huanza na mafuta. Nitatumia lita ngapi? Mimi namuuliza mwezi mwandamo ni wa ngapi leo.

Ninaendesha Hiace ya mizigo, nakaa Chikongola hapa Mtwara. Safari yangu ya kwanza ya Kilindoni, bandari ya Mafia, nilipeleka vyombo vya mpwa wangu aliyeolewa kule: friji, kabati la milango mitatu, magodoro mawili, kinu, na mabegi ambayo dada yangu hakuyataja mpaka asubuhi ya kuondoka. Jirani yangu, aliyevuka wiki moja kabla, aliniambia kivuko kilitoka saa kumi jioni. Nikafika Nyamisati, kivuko kinakoondokea, saa saba mchana, najiona mjanja. Kivuko kilishaondoka tangu saa nne asubuhi. Jirani hakunidanganya: yeye alivuka kwenye bamvua, siku za maji kujaa sana, mimi nilifika kwenye maji mafu, yanapojaa kidogo. Nililala garini, na mbu wa mikokoni hawana simile.

Nyamisati iko kwenye delta ya Rufiji, ndani ya mkondo wenye mikoko huku na huku, na vyombo vya pale huondoka kwa kufuata maji. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua. Kwenye pwani yetu hii maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Juma moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na kujaa kwake huangukia kama saa nne, asubuhi na usiku. Siku za katikati maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kila siku. Mvuvi yeyote wa Mikindani atakuhesabia hayo kwa vidole huku anashona wavu.

Hesabu hiyo inakupa siku ya kufaa tu. Saa yenyewe waulize watu wa kivukoni kwa simu siku moja kabla, kisha uwaulize tena asubuhi ya kuvuka. Waambie aina ya gari, urefu wake na uzito wa mzigo, maana nafasi za magari ni chache na Canter moja hula nafasi ya magari mawili.

Sasa rudi nyuma. Tuseme chombo kinatoka saa kumi jioni Jumamosi. Mimi nataka niwe Nyamisati saa sita mchana. Kutoka Bungu, unapoacha barabara kuu, kwenda Nyamisati ni kama kilomita 40 za kuingia ndani. Kiangazi naipa saa moja na nusu, na mvua ikinyesha naipa tatu. Kwa hiyo Bungu nipite saa tatu asubuhi. Kutoka Mtwara mpaka Bungu ni zaidi ya kilomita 400, na Hiace iliyobeba haiendeshwi kama basi. Ndiyo maana natoka Mtwara Ijumaa saa kumi na moja alfajiri na kulala Kibiti. Kuna wanaotoka saa nne usiku ili wafike moja kwa moja. Siwashauri. Usiku malori huegeshwa bila taa, na wewe unasinzia.

Barabara yenyewe sina mengi. Mingoyo, Lindi, Mchinga, Mbwemkuru, Kiranjeranje, Nangurukuru, Somanga, kisha Daraja la Mkapa, Ikwiriri na Kibiti. Kwenye vijiji ni kilomita 50 kwa saa, na tochi za trafiki hazichoki. Mafuta najaza Mtwara, naongeza Nangurukuru, na Kibiti najaza tena hata kama geji inanicheka, kwa sababu huko ndani na kisiwani sipendi kutegemea bahati. Somanga nashuka kula samaki, dakika 30, na hapo ndipo naulizia hali ya njia. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zake, barabara ilikatika maeneo hayo na watu walikaa na mizigo yao njiani. Tangu hapo, miezi ya masika naongeza siku nzima kwenye mpango na mwenye mzigo namwambia mapema.

Ukiwa na hiari ya kuchagua, nenda Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Pepo ya kusi imelegea, ya kaskazi bado, bahari imetulia: ndiyo maleleji. Minada ya korosho ikishafunguliwa Oktoba malori hujaa njiani, basi wahi.

Karatasi usizidharau. Vitu vipya viwe na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Vitu vya nyumbani vilivyotumika, chukua barua ya mtaa yenye orodha. Mimi huandika orodha hiyo mwenyewe, naita kila kitu kwa jina, halafu dada yangu anaweka saini pale chini. Begi lisilo kwenye orodha halipandi.

Kupakia ndiko kunakohitaji akili. Friji isimame wima, iegemee ukuta wa nyuma ya dereva, mlango umefungwa kwa gundi ya karatasi. Ikilazimika kulazwa, ukifika iache imesimama saa nyingi kabla ya kuichomeka, mafuta ya kompresa yarudi chini. Kabati ling'olewe milango. Magodoro yaingie kati ya friji na kabati, kazi yake ni mto. Kamba ya nailoni hulegea ikilowa, kwa hiyo nafunga kwa vipande vya mpira wa tyubu la baiskeli, navivuta mpaka vinalia, kisha nafunga fundo juu ya fundo. Nikishamaliza nashika kabati kwa mikono miwili na kulitikisa. Gari likicheza pamoja nalo, sawa. Kabati likicheza peke yake, nafungua naanza upya. Mtungi wa gesi uwe karibu na mlango, na uwatajie mabaharia kabla hawajauona wenyewe.

Kivukoni usibishane na anayepanga magari. Akisema ingia kinyumenyume, ingia kinyumenyume, utingo ashuke akuongoze. Ukishasimama, vuta breki ya mkono, tia gia, weka kabari za mbao mbele na nyuma ya matairi. Kabari zangu nilichongesha kwa fundi seremala wa Chikongola na siazimishi. Kisha toka garini, panda juu. Safari ni ya saa kadhaa, na ukitoka mkondoni chombo huanza kuyumba.

Kilindoni mwambie mpokeaji aje na watu wanne na orodha ile ile, mhesabu kitu kimoja kimoja mbele ya gari. Mpwa wangu alinipokea kwa maandazi, nikamwambia, "Tuhesabu kwanza mama, chai baadaye." Tulikuta kinu hakipo. Kilikuwa chini ya kiti cha utingo, amekiwekea miguu toka Lindi.

Kabla ya kurudi, tafuta maji ya kisima na ndoo. Mwagia chini ya gari, kwenye springi, mabomba ya breki na ndani ya rimu, chumvi ya bahari itoke. Ukifika Mtwara rudia kazi hiyo hiyo.