Wataka kurudi kwa Mungu? Anza kabla hujajisafisha

Naskia wengi wakisema "ntarudi kanisani nikishajipanga", yaani niache pombe kwanza, nimalizane na fulani kwanza, nipate hata viatu vya Jumapili. Mimi nilisema ivo miaka mitatu nikiendesha tuktuk hapa Likoni, Mombasa, na sikujipanga hata siku moja. Kwa hivo la kwanza ni hilo, usingoje uwe msafi ndio uende kuoga. Isome Luka 15 polepole, yule mwana mpotevu aliyetapanya mali ya babake ugenini, akirudi nyumbani alikuwa ametunga maneno yake vizuri kabisa, kwamba atamwambia babake amfanye kama kibarua tu, lakini mzee akamuona kwa mbali akatoka mbio kumkumbatia, na ile ya kibarua kijana hakuwahi hata kuitamka. Na katoka kulisha nguruwe huyo, harufu iko pale pale, joho likaja juu yake.

Kuomba nako usitafute maneno makubwa. Mimi siku ya kwanza niliombea ndani ya tuktuk nikingoja feri, jasho latiririka, watu wapiga honi nyuma, nikasema Mungu nimechoka, mimi ni mlevi na pia ni mwizi, nisaidie. Basi. Foleni ikasonga nikasonga. Ila dhambi iite kwa jina lake, hii ya "nisamehe nilipokosea" hata wewe mwenyewe hujui waombea nini. Maneno yakikataa kutoka, fungua Zaburi 51, ile sala ya toba, uisome kwa sauti.

Muda mzuri ni alfajiri. Mimi nimepakana na msikiti, adhana ikiita majirani wanaenda kuswali na mimi nafungua Biblia yangu, sijawahi kuhitaji alam. Na usianzie Mwanzo, wengi hufika Mambo ya Walawi wakakwama na hawarudi tena. Anza na Marko, ina sura 16, sura moja kwa siku, ni kama robo saa hivi. Kila ukimaliza jiulize Yesu hapa kasema nifanye nini, uchukue kitu kimoja ukifanye siku hiyo hiyo. Ukikuta kusamehe na kuna dadako hamuongei tangu matanga, mpigie kabla ya saa sita mchana. Kusoma bila kufanya ni kusimama kwa mama wa viazi karai ukinusa tu.

Sasa pagumu penyewe, pesa. Nilikuwa mweka hazina wa kwaya nikala shilingi 8,400 za sare, ndio maana nilipotea kanisani, si eti imani iliisha, nilikuwa naogopa macho ya watu. Ukisoma Luka 19 utaona Yesu anaenda kwa Zakayo kwanza, nyumba ya mwizi, halafu ndio Zakayo anasimama kusema atarudisha mara nne. Angalia huo mpangilio, kupokelewa ni kwanza na kulipa ni baadaye, lakini kulipa kupo! Watu wanapenda nusu ya kwanza tu. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kwaya jioni, mama mmoja mkali, nikamkuta akichambua mchicha, nikamwambia yote nimesimama mlangoni. Hakuinua kichwa, akachambua mpaka fungu likaisha, kisha akauliza "utalipa vipi?" Nikasema mia saba kila mwezi. Akasema sawa, kaa unywe chai. Miezi 12 nikamtumia kwa M-Pesa, na kuna mwezi nilikopa ili nisikose. Wewe ukiwa na deni kama hilo usilizungushe, nenda mwenyewe, sema kiasi kamili, sema utalipa lini, na usimwambie "Mungu ashanisamehe" manake yeye bado hajapewa zake.

Hapo hapo ntaweka onyo, kuna wahubiri watakwambia panda mbegu ya elfu tano, yaani uwape hela, ndio Mungu akufungulie. Zakayo aliwarudishia aliowaibia na nusu ya mali akawapa maskini, hakununua mafuta ya upako.

Tafuta pia kikundi kidogo, kama ni Mkatoliki kuna jumuiya, na uende kitubio usione haya, makanisa mengine yana ushirika wa nyumba kwa nyumba. Kanisani Jumapili unaweza kujificha nyuma ya nguzo, lakini kwa sebule ya mtu na watu wanane utajifichia wapi?

Halafu uwe na mtu mmoja wa kumpigia. Ukipita Kengeleni pale Nyali, ule mnara wa kengele ni wa Freretown, kijiji cha wamishenari kilichoanzishwa 1875 kwa watumwa waliokombolewa, na kengele ilikuwa ya kuonya wafanyabiashara ya watumwa wakija kuwachukua tena. Yaani ilipigwa kabla watu hawajashikwa, ukishafungwa kamba kengele itasaidia nini? Sasa sisi huwa twapiga simu kesho yake, tushalewa tushaamka na kichwa chauma. Piga ukiwa bado nje ya baa, ukiwa bado wawaza.

Na utaanguka, sikufichi. Mimi mwezi wa tano nilianguka vibaya, nikamtumia mzee wangu wa ushirika meseji saa saba usiku, "nimerudia tena." Nilijua atanipa mistari kumi ya kunikemea. Akajibu, "Saa kumi na mbili nipitie dukani, nitakuwa na mahamri."

Nilienda na nguo zile zile za jana.