Kununua trekta dogo lililotumika: nilivyomwelekeza shangazi

Hatua ya 1: Kazi

Shangazi analima mahindi na alizeti Kongwa, ekari sita. Alikuwa ameshaipenda pawatila, yaani trekta la mkono la magurudumu mawili, kwa sababu ya bei. Pawatila ni chombo cha majaruba. Ukiwa kwenye mpunga wa Usangu au Kyela sina ugomvi nayo. Kwenye ardhi kavu iliyoshikamana inarukaruka tu na mwendeshaji anarudi nyumbani mikono inatetemeka. Nikamwambia atafute trekta la magurudumu manne lililotumika Japani, HP 20 hadi 25, linalovuta mbele na nyuma. La kuvuta nyuma tu mimi silichukui hata lipunguzwe bei.

Hatua ya 2: Spea

Kabla hujaenda kuliona, muulize muuza spea wa mjini kwenu kama ana chujio la oili na sahani ya klachi vya modeli hiyo. Kama hana wala hajui pa kuagiza, tafuta modeli nyingine.

Hatua ya 3: Injini

Nenda asubuhi, shika bloku kabla ya kuwasha. Ikiwa ya moto, wameshaiwasha, rudi kesho. Moshi wa bluu usioisha ni oili inayoungua.

Hatua ya 4: Mikono ya kunyanyulia

Ni ile ya nyuma inayobeba jembe. Hapa usiharakishwe. Kwanza chomoa kijiti cha oili ya gia, maana kwenye matrekta mengi ya aina hii oili hiyohiyo ndiyo inayonyanyua. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mengi yamelima mpunga huko yalikotoka.

Kisha liendeshwe mpaka oili ipate moto, kwa sababu ikiwa baridi ni nzito na inaficha uvujaji. Nyanyua rotaveta (jembe la visu vinavyozunguka), zima injini, subiri dakika kumi. Kushuka kidogo kidogo si tatizo. Ikifika chini haraka, sili (mipira ya kuzuia oili) zimekwisha, au vali inavujisha, au silinda yenyewe imechubuka, na hiyo ni kazi ya kufungua.

Lakini angalia chini ya kiti, upande wa mbele: mara nyingi kuna kinobu cha kupunguza kasi ya kushuka. Kikikazwa hadi mwisho, kinafunga njia ya oili, na mzigo unaweza usishuke hata kama vali imechoka. Kifungue mwenyewe ndipo upime. Muuzaji akikuambia "hicho usikiguse", kiguse.

Hatua ya 5: Makaratasi

Namba ya chesisi ilingane na kadi. Bei mjadiliane sasa, na fundi wako awe amesimama pembeni.