Namna mimea ya maua ilivyoimudu baridi: fuata maji

Asubuhi ambazo mawingu yametawanyika, Mlima Kenya huonekana kutoka baadhi ya mitaa ya Nairobi. Kule juu, zaidi ya mita 3,500, jua huchoma mchana na maji huganda usiku, mwaka mzima. Kwa hiyo somo hili la mageuzi, yaani jinsi viumbe vinavyobadilika kizazi baada ya kizazi, linaanzia nyumbani.

Hatua ya 1. Anza na mirija inayopandisha maji shinani. Maji yakiganda, hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake hujitenga na kuwa viputo; barafu ikiyeyuka, viputo vilivyo katika mirija mipana hutanuka na kukata mkondo, ilhali vile vya mirija myembamba huyeyuka tena na maji yakaendelea kupanda.

Hatua ya 2. Tambua njia kuu tatu za kujiokoa: kuwa na mirija myembamba, kupukutisha majani kabla ya baridi, au kuacha sehemu ya juu ife na uhai ubaki ardhini au katika mbegu.

Hatua ya 3. Uliza kipi kilitangulia, sifa au baridi. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba koo nyingi za mimea zilizoingia maeneo ya barafu zilikuwa tayari ni mimea isiyo na shina gumu la mti, au zilikuwa na mirija myembamba, kabla hazijakutana na baridi hiyo; kupukutisha majani ndiko, kwa sehemu kubwa, kulikofuata baadaye.

Hatua ya 4. Rudi mlimani, ambako kupukutisha hakufai kitu kwa kuwa baridi huja kila usiku. Lobelia ya mabondeni, mmea mkubwa wa mlimani, hukinga maji katikati ya majani yake. Alfajiri moja nilibonyeza kidole pale kati: ukoko mwembamba wa barafu ukavunjika, na chini yake maji yalikuwa bado maji, yakikilinda kichipukizi. Senesio kubwa, mmea mwingine wa huko, kwa upande wake hukunja majani usiku kufunika kichipukizi, na majani makavu hubaki yamelivika shina lisigande.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mitufaha yangu ya Limuru haichanui vizuri, na huku ni baridi. Kwa nini?
Jibu: Dada, machipukizi ya mtufaha hulala, na huamka baada ya kukusanya saa nyingi za baridi, ili joto la siku chache lisiyahadae katikati ya majira ya baridi. Baridi ya Limuru haitoshi aina nyingi. Panda isiyodai baridi nyingi, kama Anna, na uyachume majani kwa mkono ili kuuamsha mti.

Swali: Sukuma wiki ikipigwa na baridi huwa tamu. Hayo ni mageuzi?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mmea huo umejizoesha tu, kwa kulimbikiza sukari inayochelewesha kuganda. Kilichotokana na mageuzi ni uwezo wenyewe wa kufanya hivyo, uliorithiwa kizazi baada ya kizazi.

Swali: Na ile lobelia yenye manyoya, mbona haihifadhi maji?
Jibu: Hiyo ni Lobelia telekii, ya miteremko mikavu zaidi. Manyoya yale marefu huyakinga maua yake na baridi. Huchanua mara moja tu, kisha hufa.