Namna ya kuupima mjadala wa fedha za matengenezo ya barabara

Kila bajeti inaposomwa, suala la barabara huibuka, na mara nyingi huzungumzwa kwa namna inayomwacha mwananchi akiwa na tarakimu nyingi kichwani lakini asijue kama mtaro ulio mbele ya nyumba yake utazibuliwa kabla ya masika. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mpiga kura, diwani, mwandishi wa habari na yeyote anayekusudia kuuliza swali katika mkutano wa hadhara, ili aweze kuchambua hoja za pande zote na kuuliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa ahadi tupu.

Jambo la kwanza ni kutenganisha kazi ambazo wanasiasa huzitaja kwa mkupuo mmoja. Ujenzi ni kutengeneza barabara mahali ambapo haikuwepo, au kuipandisha daraja kutoka udongo hadi lami. Ukarabati ni kuifumua barabara iliyochakaa na kuijenga upya. Matengenezo ni kitu kingine kabisa, nayo yako ya aina mbili: ya kawaida, yaani kufyeka majani, kuzibua mitaro na makalavati, kuziba nyufa na mashimo na kuchonga barabara za changarawe, na ya muda maalumu, yaani kuweka tabaka jipya la lami au changarawe kila baada ya miaka kadhaa. Kiongozi anapotangaza kwamba fedha za barabara zimeongezeka, muulize ni kiasi gani cha ongezeko hilo kimeelekezwa kwenye matengenezo ya kawaida peke yake. Mara nyingi utagundua kwamba ongezeko lote limekwenda kwenye miradi mipya, kwa sababu inayoeleweka kisiasa: hakuna anayealikwa kukata utepe kwenye kalavati lililozibuliwa.

Usiharakishe kupita hapo, maana hoja nzima ya matengenezo imelala katika jinsi barabara inavyoharibika. Lami haianzi kufa kwa shimo. Huanza kwa ufa mwembamba ambao hata ukucha hauingii. Mvua ikinyesha, maji hupenya katika ufa huo na kulowesha tabaka la msingi lililo chini yake. Ikiwa mtaro wa pembeni umejaa mchanga na takataka, maji hayana pa kwenda na hubaki humo kwa siku kadhaa. Lori linapopita, gurudumu huyakandamiza maji hayo, nayo hutoka kwa nguvu yakibeba chembe laini zilizokuwa zikishikamanisha kokoto. Magari yakiendelea kupita hivyo, lami hubaki imeelea juu ya uwazi, inapasuka vipande, na ndipo watu wanapoanza kulalamika kuhusu shimo. Kazi ambayo ingemalizwa na kibarua mwenye koleo pamoja na lami kidogo ya kuzibia ufa sasa inahitaji mitambo, kokoto mpya na mkandarasi.

Benki ya Dunia iliweka hasara hii katika tarakimu kwenye ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1994: katika muongo uliotangulia, dola bilioni 12 za matengenezo yaliyofanywa kwa wakati barani Afrika zingeokoa dola bilioni 45 za kujenga upya barabara zilizoachwa zikaharibika. Ikumbuke tarakimu hiyo utakapomsikia mtu akisema kwamba matengenezo yameahirishwa mwaka huu ili kubana matumizi. Mwombe aseme gharama ya kuahirisha, kwa barabara ipi, na nani atailipa.

Baada ya hapo, chunguza chanzo cha fedha. Katika nchi nyingi chanzo kikuu ni tozo inayokatwa katika kila lita ya mafuta, utaratibu ambao jimbo la Oregon nchini Marekani lilikuwa la kwanza kuutumia nchini humo mwaka 1919. Ubora wake ni kwamba anayetumia barabara zaidi hulipa zaidi, na ukusanyaji wake ni rahisi. Udhaifu wake hauonekani haraka: tozo ikiwa ni kiasi kisichobadilika, mfumuko wa bei huila mwaka hadi mwaka. Tozo ya serikali kuu ya Marekani kwa petroli imebaki senti 18.4 kwa galoni tangu mwaka 1993, na kuanzia mwaka 2008 Bunge la huko limelazimika mara kwa mara kuujaza mfuko wa barabara kuu kwa fedha za hazina ya kawaida. Kwa hiyo waziri anaposema kwamba hatujapunguza hata senti moja, anaweza kuwa anasema kweli huku kilomita zinazotengenezwa zikipungua. Dai tarakimu za kilomita, si za fedha pekee.

Upande wa pili pia una hoja nzito. Kenya ilipopandisha tozo yake ya matengenezo ya barabara kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwaka 2024, wapinzani wa hatua hiyo hawakuwa wakikataa barabara nzuri. Walijua kwamba bei ya mafuta huingia katika nauli na katika bei ya kila kinachosafirishwa, na humfikia hata asiyemiliki baiskeli. Kwa maoni yangu, anayeomba nyongeza ya tozo ana wajibu wa kuonyesha kwanza kilichofanywa na ile iliyokwisha kukusanywa, na mwananchi asione haya kulidai jambo hilo kwa adabu na kwa msisitizo.

Kuna swali jingine linalokuja kwa kasi, la magari yanayotumia umeme, ambayo hayanunui mafuta na hivyo hayachangii. New Zealand, ambayo kwa muda mrefu imewatoza wenye magari ya dizeli kwa kilomita wanazosafiri, iliyaingiza magari ya umeme katika utaratibu huo mwezi Aprili 2024, na Iceland nayo ilianza kuyatoza kwa kilomita mwaka huohuo. Mwanasiasa anayepanga fedha za miaka ishirini ijayo bila kuligusa jambo hili hajapanga.

Sasa uliza fedha hizo zinakaa mikononi mwa nani, kwani hapa ndipo vita vikubwa vya kisiasa hupiganwa. Uingereza ilianzisha mfuko wa barabara mwaka 1920 kutokana na ada za magari, lakini Winston Churchill alipokuwa waziri wa fedha, katikati ya muongo huo, alichota humo fedha kwa matumizi mengine ya serikali, na mwaka 1937 uhusiano kati ya ada hizo na barabara ukakatwa rasmi. Ili kuepuka hali kama hiyo, nchi nyingi za Afrika katika miaka ya 1990 ziliunda mifuko yenye sheria na bodi zake. Sheria ya tozo ya Kenya ni ya mwaka 1993 na ya bodi yake ni ya 1999, huku Ghana ikipitisha sheria ya mfuko wake mwaka 1997. Hata hivyo sheria hufutwa na sheria: mwaka 2017 Ghana iliweka ukomo juu ya fedha zinazokwenda katika mifuko maalumu, ikiwemo wa barabara. Hazina hujitetea kwamba fedha zilizofungiwa kwenye barabara haziwezi kununua dawa wakati wa dharura, na utetezi huo si wa kupuuzwa. Lakini kama fedha zitahamishwa, zihamishwe kwa kura ya wazi bungeni, kwa kiasi kinachotajwa, wala zisikatwe kwa mwananchi kwa jina la barabara kisha zikafanya kazi nyingine.

Suala la nani aliyeiharibu barabara nalo halikwepeki. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaounganisha magurudumu ya pande mbili za gari: ekseli ikibeba uzito mara mbili, uharibifu huwa kama mara kumi na sita. Ndiyo maana mizani ni sehemu ya matengenezo. Kiongozi anayetaka malori yaliyozidisha mzigo yaachwe yapite anawaomba watumiaji wengine wote walipe gharama ya mzigo huo.

Mgawanyo kati ya serikali kuu na serikali za mitaa utauelewa haraka ukidai fomula. Uliza tu kama inazingatia urefu wa barabara, hali yake na wingi wa magari, au kama kila eneo la uchaguzi hupewa sawa.

Hatimaye shuka hadi barabarani. Chagua barabara moja tu unayoifahamu, usichukue mkoa mzima. Omba katika ofisi inayoisimamia mpango kazi wa mwaka, mkataba na orodha ya kazi na gharama zake. Ikiwa nchi yako ina sheria ya haki ya kupata taarifa, itaje katika barua yako. Soma pia ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu, hasa sehemu inayoeleza tarehe ambazo fedha zilitolewa na madeni ya makandarasi, kwa sababu fedha zilizoidhinishwa zikachelewa hadi mvua ikaanza hufanya kazi ndogo kuliko tarakimu zake. Kisha tembea ukiwa na orodha mkononi. Kama imeandikwa mita 800 za mtaro, zipime. Kama yameandikwa makalavati sita, yahesabu, uchungulie ndani uone kama mwanga unaonekana upande wa pili. Piga picha zenye tarehe.

Ukisimama katika mkutano, swali lako liwe fupi: “Mheshimiwa, katika mwaka wa fedha uliopita barabara hii ilipangiwa kuzibuliwa mitaro mita 800. Tumepima mita 300. Fedha zilitoka tarehe gani, zilikuwa kiasi gani, na mita 500 zilizobaki zitafanywa lini?” Usimtuhumu mtu wizi kama huna ushahidi, huenda fedha hazikufika kabisa, na katika hali hiyo diwani wako ni mwenzako katika kudai. Andika jibu atakalotoa, tarehe na wadhifa wake, upeleke nakala katika ofisi yake ndani ya wiki hiyo, kisha uzirudie mita hizo 500 kabla bajeti inayofuata haijapelekwa kwenye kamati.