Kunakili picha za albamu kwa simu bila mng'ao

Kama una skana ya mezani na picha zinatoka kwenye albamu, tumia skana. Mwongozo huu ni wa zile zisizotoka: zilizogandia kurasa, zilizo kwenye fremu, au za mtu asiyekubali albamu yake ivuke mlango.

Unahitaji simu ya megapikseli 12 au zaidi, stendi inayoweza kuielekeza chini, karatasi nyeusi na kioo kidogo bapa cha kujitazamia. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikijaza fremu vizuri, utapata pikseli kama 3,600 kwa upande mrefu, na hizo zinatosha kuichapisha kwa ukubwa mara mbili ya ule wa asili.

Hatua ya 1: Vumbi

Brashi laini na kavu inatosha. Usitumie maji, wala usipulizie kwa mdomo, maana mate hayakosi. Futa na lenzi ya simu. Picha iliyogandia ukurasa wa gundi usiing'oe kwa kucha: pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake na uvute huku na huku polepole. Ikikataa, iache hapohapo, funua plastiki ya juu tu.

Hatua ya 2: Mwanga

Tumia dirisha moja, na jua lisipige moja kwa moja. Taa zote za ndani zima. Taa ni ya manjano na mwanga wa dirisha ni wa buluu. Vikichanganyika, uso utakuwa na rangi mbili na kuzirekebisha zote kwa pamoja ni kazi bure. Flashi izimwe kabisa, isiachwe kwenye otomatiki.

Hatua ya 3: Stendi

Simu itazame chini wima, kwa urefu unaofanya picha ijaze fremu, kwa lenzi ya 2x kama ipo. Lenzi pana ya 0.5x usiiguse, inapinda kingo. Simu nyingine hudanganya: unabonyeza 2x, lakini kwa kuwa kitu kiko karibu au mwanga ni hafifu, inatumia lenzi ya kawaida na kukuza tu. Ziba lenzi ya 2x kwa kidole. Skrini isipofunga giza, umedanganywa. Rudi 1x na ushushe stendi mpaka picha ijaze fremu tena.

Hatua ya 4: Mng'ao

Hapa ndipo mchana mzima hupotea kwa kuhamisha vitu bila mpango. Kanuni ni moja: mwanga hudunda kwa pembe ileile uliyoingilia. Simu inayotazama chini wima itaona kwenye uso wa picha kile kilicho juu yake tu, yaani dari, simu yenyewe na shati lako. Mwanga wa pembeni hurukia upande wa pili, haupandi kwenye lenzi. Kwa hiyo usiinamishe simu ili kukwepa doa jeupe. Doa litahama kweli, lakini picha itatoka pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine, na kuinyoosha baadaye kunakula ukali wake.

Weka kioo mahali picha itakapokaa, kisha tazama skrini. Chochote cheupe unachokiona ndani ya kioo ndicho kitakachokuwa mng'ao. Ukiona dirisha, sogeza meza mbali nalo mpaka mwanga uingie kwa kulala, kati ya nyuzi 30 na 45 kutoka usawa wa meza. Ukiona dari, toboa karatasi nyeusi tundu la lenzi uibandike chini ya simu. Ukiona shati, vaa jeusi au kaa kando.

Kioo hichohicho kinapima usambamba: lenzi ikionekana katikati kabisa ya skrini, simu na picha viko sambamba. Mimi nakiamini kuliko alama za usawa za kwenye simu, kwa sababu zenyewe hazijui kama meza imeinama.

Picha iliyojikunja ina pembe nyingi kwa wakati mmoja, hivyo sehemu fulani itang'aa tu. Kama haijakauka kiasi cha kupasuka, ilaze siku kadhaa chini ya vitabu vizito, katikati ya karatasi safi nyeupe. Ukiwa na haraka, izungushe ili kingo zilizoinuka zikae kushoto na kulia kwa anayetazama dirisha. Kuibana kwa kioo cha fremu ni njia ya mwisho: kioo kinaleta mng'ao wake, na picha yenye unyevu inaweza kukigandia.

Sumbufu kuliko zote ni karatasi yenye vinundu kama sega la nyuki. Kila kinundu kina upande unaotazama dirisha, basi picha nzima inajaa nukta nyeupe. Simamisha kadibodi nyeupe upande wa pili wa dirisha ili vivuli vilainike. Nukta zisipoisha, piga mara mbili, ya pili ukiwa umeigeuza picha nyuzi 180. Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, geuza ya pili irudi wima, ilaze sawasawa juu ya ya kwanza, kisha chagua modi inayobakiza pikseli nyeusi zaidi.

Hatua ya 5: Piga

Shikilia kidole kwenye uso wa mtu mpaka fokasi na mwangaza vijifunge. Shusha mwangaza kidogo, kwa kuwa weusi wowote unaoonekana pembeni mwa picha huifanya simu iongeze mwanga na mashati meupe yakaungua, yaani yakawa meupe tupu. Zima urembo wa sura. Taima iwe sekunde 3. Geuza upige na mgongo wa picha kama una maandishi.

Hatua ya 6: Jina la faili

Simu itaandika tarehe ya leo, si ya picha. Anza jina kwa mwaka na mwezi: 1978-04, au 1978-00 kama mwezi haujulikani, ndipo zitajipanga zenyewe.

Hatua ya 7: Kutuma

Kwenye WhatsApp tuma kama hati, si kama picha. Ukituma kama picha, inabanwa na pikseli ulizozihangaikia zinapungua.