Biskuti za Krismasi za kupamba, na aisingi isiyochuruzika

Kila Desemba ikikaribia majirani zangu hapa Arusha wanakuja na shida ileile, biskuti zimeiva vizuri ila aisingi (sukari laini ya kupambia juu) inatiririka mpaka kwenye sahani. Juzi nimekaa na binti wa jirani tumepika mwanzo mwisho, sasa naandika ili nisirudie kuelezea mlango kwa mlango.

1. Donge

Siagi gramu 225 (Blue Band inafaa, ila mi napenda siagi, ladha ni tofauti kabisa), sukari gramu 200, piga mpaka ilainike, weka yai moja na vanila, kisha unga wa ngano gramu 400 na chumvi kidogo. Beking pauda achana nayo. Resipe nyingi za mtandaoni ni za watu wa usawa wa bahari, sisi huku tuko kama mita 1,400 juu, kinachofutuka kinafutuka zaidi na nyota yako inatoka duara.

2. Kuoka

Laza donge kwenye friji saa moja, sukuma kama chapati ila nene, nusu sentimita hivi, kata. Huna vikatio? Chora kwenye boksi gumu, kata, weka juu ya donge uzungushie kisu. Kwa huku pembetatu ndo rahisi kuliko zote, ukipaka nyeupe kileleni tayari una Kilimanjaro. Nyuzi 175, dakika 10 mpaka 12, toa pale pembeni zinapoanza kupata rangi. Kwa jiko la mkaa weka moto mwingi juu ya mfuniko, chini kidogo tu, na uchungulie mara kwa mara.

Zipoe kabisa. Zikiwa na joto hata aisingi nzuri itayeyuka.

3. Aisingi, hapa usiharakishe

Piga pamoja ute wa mayai mawili, aisingi shuga (sukari ya unga laini) gramu 400 hivi, matone machache ya limao. Sukari ya kusaga mwenyewe kwenye blenda sikushauri, inabaki na chenga na inaziba tundu la mfuko wa kupambia katikati ya mstari. Nunua ya dukani na bado uichekeche.

Bakuli liwe la kioo au chuma. Ya plastiki yanashika mafuta hata ukiyaosha, na mafuta kidogo tu au tone la kiini linatosha ute usisimame, utapiga mpaka mkono ufe ganzi. Ute huu ni mbichi, kwa hiyo kama walaji ni wajawazito au watoto wadogo changanya aisingi shuga na maziwa kidogo tu, haikauki ngumu sana ila ni salama.

Sasa uzito. Unahitaji aina mbili. Ya kuchorea mpaka: ukiinua kijiko inasimama ncha na ncha inainama kidogo. Ya kujazia ndani: idondoshe kwenye bakuli uhesabu, mstari upotee kati ya sekunde 10 na 15. Ukipotea kwenye 5 ni nyepesi, itamwagika nje, ongeza sukari. Ikipita 20 haitajisawazisha, ongeza maji lakini kwa matone jamani, siyo kijiko, maana tofauti ya nzuri na supu ni matone machache. Na rangi weka KABLA ya kurekebisha maji, rangi za maji zenyewe zinalainisha, watu wanapima vizuri halafu wanamwaga nyekundu wanashangaa. Rangi za jeli ni bora mara kumi. Muda wote funika bakuli na kitambaa kibichi, inajenga ngozi haraka.

4. Kupamba

Weka aisingi kwenye mfuko, kata ncha ndogo kuliko unavyodhani. Chora mpaka, ukauke kidogo, jaza, sawazisha na kijiti cha meno. Nyekundu kando ya nyeupe subiri ya kwanza ikauke saa kadhaa, la sivyo utapata pinki. Kaushia mezani na feni, siyo friji, unyevu wa friji unazifanya zinate na rangi zinahamiana.

5. Kusafirisha

Usiku mzima zikauke ndo uzipange kwenye kopo, karatasi kati ya kila safu. Kama unapanda nazo Marangu kwa basi, shika kopo mapajani, kwenye buti usiweke.