Kabla ya kumtoa farasi kwenye udongo wa Agosti

Mvua za Lubumbashi zikikatika, kati ya Aprili na Mei, udongo mwekundu huanza kukaza. Kufika Agosti, njia za nje ya mji tunakopenda kuwatembeza farasi zimebanwa na malori hadi zinang'aa. Anayepanda farasi mara moja kwa wiki haoni tofauti, kwa sababu vumbi la juu humdanganya. Chini ya vumbi hilo la kidole kimoja kuna kitu kama sakafu.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Nilimpeleka jike mmoja mzee troti ndefu (ule mwendo wa kukimbia polepole) kwenye njia ya namna hiyo, nikarudi nimefurahi, na kesho yake asubuhi akatoka bandani akichechemea. Papa, yaani mzee, aliyekuwa akiwatunza farasi hakunigombeza. Alichukua koleo, akapiga chini mara moja, koleo likaruka, akasema: "Mutoto, hii udongo iko beto," yaani zege. Tangu siku hiyo sitandiki farasi kabla ya kwenda kukanyaga njia mwenyewe.

Basi anza na njia. Kanyaga kwa kisigino cha buti, kwa nguvu. Kikizama kidogo na kuacha alama, mna mahali pa kukimbia. Kikirudisha mshtuko hadi gotini kwako, jua kwamba farasi ataupata huohuo ukizidishwa na uzito wake, na kwa kawaida asilimia 60 hivi ya uzito huo iko kwenye miguu ya mbele. Katika galo, yaani mbio za kasi, mguu mmoja wa mbele unaweza kubeba kwa kitambo kidogo mara mbili na nusu ya uzito wa mwili mzima. Kwa farasi wa kilo 500, hizo ni zaidi ya kilo 1,200 juu ya kwato moja. Tafuta pia mawe madogo yaliyochomoza, maana hayo huumiza unyayo kabla hata mshtuko haujafika kwenye viungo. Na kama klabu yenu inataka kutengeneza uwanja, msilete udongo wa kichuguu kwa sababu tu ni wa bure. Tunaupenda kwa matofali kwa sababu hiyohiyo: ukikauka, umekauka.

Ugumu peke yake si adui. Mfupa hujijenga kwa kubeba, na farasi anayetembea polepole kwenye ardhi ngumu, dakika chache leo, nyingi kidogo wiki ijayo, huwa na miguu imara kuliko anayelelewa kwenye mchanga tu. Kinachoharibu ni kasi, marudio, na ghafla. Hatua ya kawaida kwenye lami haina shida kubwa, ila chuma cha kwato kinateleza hapo. Troti fupi kuvuka kipande kigumu, sawa. Nusu saa ya troti juu yake, hapana. Galo iache hadi upate nyasi au mchanga, na kuruka vizuizi kusubiri mvua za Novemba kama hamna uwanja laini.

Sasa inua miguu, mmoja mmoja. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali popote, na wenzangu huchoka kuningoja. Kwato si kipande cha mti. Inapokanyaga hupanuka kidogo kwa nyuma, na ule mto laini wenye umbo la pembetatu katikati ya unyayo, pamoja na tishu zilizo juu yake, hupokea sehemu ya mshtuko kabla haujapanda kwenye kifundo na goti. Ukiona kwato imekuwa ndefu mbele na visigino vimelala, ujue kila hatua inavuta kano na kuzielemea sehemu za nyuma za mguu. Fundi wa kwato anatakiwa kila wiki 6 hadi 8, hata kama chuma bado kinaonekana kizima. Kiangazi usimwahirishe, maana kwato kavu hupasuka na misumari hulegea. Chuma chenyewe kinalinda kwato isilike, lakini hupeleka mtetemo mwingi zaidi juu kuliko kwato tupu. Kwa farasi anayelazimika kupita njia ngumu mara kwa mara, muulize fundi kuhusu kuweka ngozi kati ya chuma na kwato.

Zile bandeji na vikinga vya miguu vinapendeza kwenye picha. Vinazuia mguu mmoja usiugonge mwingine, na hiyo ni faida ya kweli, lakini havipunguzi mshtuko unaoingia kwenye kiungo, na kwenye joto la Oktoba huzipasha moto kano. Unga wa viungo unaouzwa kwenye makopo nao una ushahidi dhaifu. Mimi fedha hiyo humpa fundi.

Kuna jambo la umri na uzito ambalo watu hulikwepa kwa adabu. Mpanda farasi pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, na kwenye ardhi ngumu mimi hupendelea 15. Mgeni mkubwa wa mwili apewe farasi mkubwa, au atembee kando yake. Farasi wa miaka miwili asikimbizwe kwenye njia hizi kabisa. Mifupa yake bado inakua, na ya mgongo huchelewa hata kuliko ya miguu.

Baada ya hapo pasha mwili moto: dakika 10 hadi 15 za hatua ya kawaida, hatamu zikiwa zimelegea. Gegedu la kiungo, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute unaoingia na kutoka kadiri kiungo kinavyobanwa na kuachiwa, na asubuhi za Juni na Julai, baridi yetu inapouma, farasi aliyesimama usiku kucha bandani anauhitaji mwendo huo zaidi.

Mkirudi, mmwagilie miguu maji ya baridi dakika 20 kama mlipita pagumu. Dawa ya kupunguza maumivu usimpe kwa ajili ya kupanda tena kesho. Itamnyamazisha, na jeraha litaendelea.

Kesho yake, kabla ya tandiko, papasa kila mguu ukilinganisha joto la kulia na la kushoto, kisha mwombe mtu amkimbize troti kwa kamba mahali pagumu na tambarare, hatua ishirini tu. Kwa kazi hii ndogo ardhi ngumu inakusaidia, maana inapiga kelele. Fumba macho usikilize kama mipigo miwili inalingana. Ukifumbua, tazama kichwa: mguu wa mbele unaouma ukigusa chini, kichwa hupanda. Ukiona hivyo, mrudishe bandani, mpigie simu mganga wa mifugo.